Zumari, Tarumbeta na Gitaa: Muziki wa Mbele ya Watu katika Pwani ya Kusini

Muziki uitwao ska, uliozaliwa Kingston katika kisiwa cha Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950, ukakomaa wakati ule ule nchi ile ilipopata uhuru wake tarehe 6 Agosti 1962, haukupata kuwa na bendi yake mahsusi katika nchi iliyoko baina ya kivuko cha Likoni na mpaka wa Lunga Lunga. Lakini mtu aliyeyatambua mambo mawili yaliyoujenga, yaani ala za shaba zilizotoka mikononi mwa askari na wanafunzi wa misheni zikaingia mikononi mwa vijana wa mitaani, na pigo liangukalo si pale mguu unapokanyaga bali pale unaponyanyuka, akisha kuvuka feri na kushika njia ya Waa, Tiwi, Diani na Msambweni mpaka Vanga, atakuta kwamba mambo hayo yote mawili yalikwisha kujulikana huku kabla Jamaica haijapiga santuri yake ya kwanza ya ska.

Watu wengi, na wasomi miongoni mwao, wanapoizungumza historia ya muziki wa Pwani huanzia Lamu wakaishia Mombasa, wakasifu udi na kanuni na mashairi ya taarabu, na wakifika ukingo wa maji pale Likoni hugeuka nyuma, kana kwamba ng'ambo ya pili hakuna ila minazi na wageni waotao jua. Mimi naona kwamba ng'ambo ile ndiko ulikohifadhika muziki wa namna ya pekee, usiofanywa ili usikilizwe kwa utulivu na watu waliokaa vitini, bali uliofanywa mbele ya watu, kwa ajili ya miguu yao, na kwa kulitegemea jibu lao saa ile ile. Na mageuzi yote yaliyoupata, toka kiwanja cha kijiji hadi jukwaa la hoteli, yalifuata swali moja tu, nalo ni hili: nani aliyewaalika wapigaji, na nani anayewalisha?

Asili ya yote ni ngoma za Wadigo na za Waduruma walio jirani zao upande wa bara, na katika ngoma hizo iliyopata sifa kuliko nyingine ni sengenya, ambayo huchezwa arusini, katika sikukuu na katika sherehe za serikali, na ambayo kikundi chake huweza kuwa na wapigaji wengi kuliko bendi nyingi za mjini. Msondo, ngoma ndefu, ndio usemao. Vumi, yenye sauti nzito ya chini, ndiyo iwashikayo wengine wasitawanyike. Chapuo, ndogo na kali, huingiza mikono ya haraka katika nafasi zilizoachwa na wenzake. Upatu wa madini hugongwa kwa vijiti. Kayamba, lile bapa la matete lililotiwa mbegu kavu ndani, hutikiswa kushoto na kulia kwa mikono miwili huku vidole gumba vikigonga ubapa wake. Na juu ya yote hupanda sauti ya zumari, au pengine ya chivoti, filimbi ya Wadigo ipulizwayo kwa ubavu. Kabla ya kuanza, ngoma huoteshwa moto wa makuti, kwa sababu unyevu wa upepo wa bahari huilegeza ngozi, na mpigaji huigonga kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaigonga tena, mpaka ipande sauti aitakayo. Na kazi hiyo hurudiwa kwa zamu usiku kucha, pasina mchezo kukatika.

Mpiga zumari naye ni wa kutazamwa kwa makini. Midomo yake imeufunika ulimi mwembamba uliokazwa katika shina la ala yake, mashavu yametuna, macho yamemtoka, na watu wanapongoja akate pumzi yeye hakati, kwa kuwa huvuta hewa puani huku akiisukuma nje ile aliyoiweka akiba mashavuni, hata sauti ikaenda mfululizo, bila pengo, kwa muda ambao mwimbaji yeyote angelikuwa amekwisha kunyamaza. Wachezaji huwa wanamwelekea yeye. Akikaza, mabega yao hukaza. Akiteremka, na wao huteremka. Na nimewahi kuona kundi zima la akina mama waliojifunga leso kiunoni likibadili hatua kwa ishara ya sauti moja tu iliyopindwa juu, bila mtu kuamrisha neno.

Atakaye kujua kwa nini rege, mzao wa ska, na jamaa zake hazikuwa ngeni masikioni mwa vijana wa Ukunda, mji ulio nyuma ya ufuo wa Diani, basi na asikilize chapuo na kayamba. Katika ska gitaa au piano huliacha pigo zito lipite, kisha hulijibu katikati, kwa mkato mfupi uzimwao mara utokapo, na kiwiliwili cha mchezaji husukumwa na jibu hilo kuliko na pigo lenyewe. Hesabu za ngoma zetu ni nyingine, kwa kuwa aghalabu hugawanyika kwa tatu na sita mahali ambapo ska hugawanyika kwa nne. Lakini adabu ni ile ile: mpigaji mwema hapigi pale mwenziwe alipopiga, bali hutafuta pale penye uwazi akapajaza, na ustadi wake hupimwa kwa kile alichokiacha kuliko kwa kile alichokipiga. Mtu aliyelelewa katika adabu hiyo hahitaji kufunzwa rege. Anahitaji kupewa gitaa tu.

Wadigo walio wengi ni Waislamu, na Uislamu ulienea kwao hasa katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ile ya ishirini, na tangu hapo ngoma haikukosa watu wa kuipinga. Masheikh waliokubali twari za maulidi waliikataa zumari, na katika vijiji vingi familia moja ilikuwa na mtoto anayesoma maulidi ya Barzanji na mwingine anayepiga msondo. Ugomvi huo haukumalizika wala hakuna adhaniye kwamba utamalizika leo, lakini inafaa kusema kwamba haukuiua ngoma, bali uliitenga na mlango wa msikiti, ikapewa mahali pake na saa zake.

Shaba ilikuja kwa njia ya misheni na vita. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown, bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza, na miongoni mwa mambo waliyofunzwa watu hao na watoto wao ni kupuliza tarumbeta kwa ajili ya nyimbo za kanisa na gwaride. Haukupita muda vijana wa mjini, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakaona kwamba mdundo wa askari ni kitu cha kuchezea, wakabuni ngoma ya beni, yenye vyeo vya kijeshi, sare zilizonyoshwa, bendera na safu za kwenda na kurudi, na juu ya yote yenye mashindano, kwa sababu beni isiyo na mpinzani si beni. Mombasa iligawanyika kwa Kingi na Skochi, Tanganyika ikagawanyika kwa Marini na Arinoti, na kila upande ulijifilisi kwa furaha ili uwashinde wenzake kwa karamu na kwa mavazi. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, ameufuata mkondo wake toka miji ya mwambao hadi ndani kabisa ya bara, akaonyesha kwamba watawala walioidhania kuwa ni maigizo ya kitoto, na wengine walioiogopa kuwa ni njama, wote hawakuielewa: ilikuwa ni chama cha watu waliosaidiana katika maziko na katika njaa, na ngoma ilikuwa ndiyo sura yake ya hadharani.

Kwale, nchi hii ya kusini ya Likoni, iliyaona mambo haya kwa macho yake, tena kwa machungu. Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka upande wa Tanga, mapigano yakafika mpaka Gazi, mji uliokuwa hapo awali makao ya Mbaruk bin Rashid wa Kimazrui, yule aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akakimbilia kwa Wajerumani. Na mwezi wa Januari 1915, kule Jasini, karibu na Vanga, askari wa upande wa Waingereza walizingirwa wakasalimu amri. Watu wa vijiji hivi waliyasikia matarumbeta ya pande mbili kabla ya kuyachezea. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wakafa njiani kwa maradhi na njaa, na waliorudi walirudi na nyimbo za kambi. Ndipo beni ilipoenea Afrika ya Mashariki yote kwa kasi ambayo hakuna ngoma nyingine iliyopata kuwa nayo. Hata leo beni ya matarumbeta, iliyopungukiwa vyeo vyake na uadui wake, hualikwa arusini Mombasa na ng'ambo ya Likoni kumsindikiza bwana arusi, na mtu akiisikia ikipita njiani, tarumbeta mbili zikibishana na ngoma kubwa ikijibu nyuma, ataweza kuapa kwamba anasikia ska ya wazee wasiopata kuiona Jamaica.

Ulinganisho huo si wa kubahatisha, kwani Kingston nako shaba ilitoka mahali pa aina ile ile. Wanamuziki wanne wa kundi la Skatalites, lililoanzishwa mwaka 1964 likadumu kwa muda wa mwaka mmoja na ushei tu na bado likawa ndilo kundi kuu la ska duniani, yaani Don Drummond wa tromboni, Tommy McCook na Lester Sterling wa saksafoni, na Johnny Moore wa tarumbeta, walifunzwa katika Alpha Boys' School, shule ya watoto mayatima na watukutu iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Watoto wa Freretown walikuwa wazao wa watumwa, na watoto wa Alpha vivyo hivyo. Wote walipewa tarumbeta ili wawe watiifu, na wote wakaigeuza ikawa ala ya furaha yao wenyewe. Tena kuna jambo la pili, lenye uzito zaidi kwa habari yetu. Katika miaka ya 1950 pwani ya kaskazini ya Jamaica, kule Montego Bay, ilikuwa na hoteli zilizoajiri vikundi vya mento kuwaimbia watalii wa Marekani kwa gitaa na banjo. Lakini ska haikuzaliwa hotelini. Ilizaliwa katika viwanja vya Kingston, mbele ya watu waliolipa kiingilio kidogo kucheza penye vipaza sauti vikubwa, watu wenye haki ya kuondoka muziki usipowapendeza. Diani ilijengewa hoteli zake kwa mfano ule ule, na swali la Montego Bay likawa swali la Diani.

Kabla ya hoteli kuwa nyingi, gitaa lilikwisha kufika. Fundi Konde, mtoto wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924, alikwenda Asia pamoja na kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika ya Mashariki katika Vita Vikuu vya pili, akarudi akawa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kulifanya gitaa la umeme liimbe Kiswahili. Na hapa tena, kama ilivyokuwa katika beni, jeshi lilikuwa ndilo chuo. Miaka ya kwanza ya 1960, wakati Kingston inacheza ska, Nairobi ilikuwa ikicheza twisti ya Daudi Kabaka, Fadhili William na wenzao wa Equator Sound Band, nyimbo fupi, nyepesi, zenye gitaa la kukatakata, na mimi nikizisikiliza santuri hizo pamoja na zile za Jamaica za mwaka mmoja nao huona ni watoto wa ujana mmoja: mataifa mawili yaliyokuwa yanashusha bendera ya Uingereza, yakitafuta mwendo wa haraka wa kutembelea.

Kwale ilizipata nyimbo hizi kwa redio, kwa santuri zilizouzwa na maduka ya Mombasa, na kwa mpaka. Tusisahau kwamba Vanga iko karibu na Tanga kuliko ilivyo karibu na Nairobi kwa kila hali, kwa ukoo, kwa lugha na kwa mashua. Na Tanga ya miaka ya 1960 na ya 1970 ilikuwa mji mkubwa wa muziki, wenye Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu mpya ya magitaa. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha wakaingia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako bendi yao ilijiita Simba Wanyika kabla ya kuhamia Nairobi, walifuata njia ambayo wanamuziki wengi wasiokuwa na jina waliifuata kwa miguu na kwa mabasi. Kusini ya Msambweni palikuwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokusanya vibarua wa kutoka pembe nyingi za Kenya mpaka kilipofungwa mwaka 1988, na penye kambi ya vibarua wa makabila mengi hapakosi gitaa.

Ndipo zikaja hoteli. Jadini na Two Fishes zilikuwako tangu zamani za Wazungu wa Kenya waliokuja kupumzika na familia zao, na hizo hazikuhitaji muziki mwingi; lakini toka mwisho wa miaka ya 1960, ndege za kukodi zilipoanza kuwaleta Wajerumani, Waswisi na Waitalia kwa mamia, ufuo wa Diani ulijaa majengo ya makuti, na kila jengo likataka bendi. Jambo hili lilikuwa neema kubwa na sipendi kuwasikia watu wakilibeza. Kijana aliyekuwa akipiga gitaa la kuazima arusini alipata mshahara wa mwezi, ala nzuri, kipaza sauti, sare ya kitenge, na nidhamu ya kupanda jukwaani saa mbili kamili kila usiku awe na homa au hana. Bendi mashuhuri kuliko zote za zama hizo, Them Mushrooms, iliyoundwa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison wa Mombasa, ilikulia katika hoteli za mwambao, na ilikuwa miongoni mwa bendi za kwanza Kenya kuipiga rege kwa moyo. Nao ndio waliotoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison kwa maneno machache ya maamkizi ambayo mgeni aliyeshuka jana huweza kuyashika leo. Safari Sound Band nao waliurekodi, Boney M. wakaubeba Ulaya mwaka 1983, na toka siku hiyo hakuna bendi ya Diani iliyoweza kuupita usiku mmoja bila ya kuuimba.

Nataka kuueleza usiku huo kama ulivyo, kwa sababu huonekana mwepesi nao si mwepesi. Wageni wangali wanakula. Visu na sahani vinalia. Bendi huanza chini, kwa rumba isiyo na mwimbaji, besi na kinanda tu. Mwimbaji anazisoma meza. Akiona wazee, huleta Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliupiga santuri na ambao Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika santuri yao ya mwaka 1965, hata mgeni akafika Diani akiujua tayari kwa sauti za watu wa nchi nyingine. Akiona vijana, huleta nyimbo za Karibiani, kisha Bob Marley, na hapo mpiga gitaa hubadili mkono: kiganja cha kushoto hulegea juu ya nyuzi ili sauti izimike mara itokapo, mkono wa kulia hukata juu, juu, juu, na mpiga ngoma huliacha pigo la kwanza likiwa tupu. Katika dakika hiyo, ikiwa wapigaji ni wa hapa, kitu kingine huingia ambacho hakimo katika santuri ya Jamaica. Mpiga ngoma hutia kengele ndogo ya sita ndani ya nne, na wahudumu waliobeba sahani huanza kutembea kwa mabega. Wageni hawajui kilichotokea. Wahudumu wanajua.

Hapo ndipo penye udhaifu wa hoteli. Hadhira yake huja na kuondoka kwa wiki mbili mbili, haiijui lugha, haina wimbo wa kuomba ila ule ulioandikwa katika fikra zake kabla ya safari, na haiwezi kumwambia mwimbaji kwamba ubeti wake wa pili ni dhaifu au kwamba amemnukuu marehemu vibaya. Bendi iliyofanya kazi miaka kumi mbele ya watu wasioweza kuijibu ilikuwa hodari kwa vidole lakini masikini kwa tungo, na wako wanamuziki wa kweli walioingia hotelini na nyimbo arubaini za kwao wakatoka na nyimbo arubaini za watu wengine. Sengenya yenyewe ilipoalikwa katika usiku wa utamaduni ilipewa dakika chache baina ya chakula na bendi, ilhali ni ngoma inayohitaji saa nzima kabla ya damu kuchemka. Zumari ikaanza kwa kilele na kumalizia hapo hapo.

Kilichouokoa muziki ni barabara fupi itokayo ufuoni kwenda Ukunda. Hoteli zikisha kufunga majukwaa, wanamuziki walivuka barabara kuu wakaingia katika mabaa na viwanja ambako wasikilizaji wao ni mafundi, wavuvi, madereva wa matatu, vijana wa ufuoni waliofuga nywele, na wanawake wa kazi, na huko walipiga kwa malipo madogo mambo waliyokatazwa kuyapiga kwa mshahara. Huko rege iliimbwa kwa Kidigo. Huko pia ilikuja bango, muziki wa Mzee Joseph Ngala, mpulizaji saksafoni wa Freretown, aliyeziunganisha sauti za shaba alizozirithi kijijini kwao na rumba, jazi, taarabu na nyimbo za Mijikenda, akapata mwendo wa pole, wenye maringo, unaowafaa watu wazima waliovaa vizuri. Mtu akiikumbuka Freretown ya 1875, kisha akaisikia saksafoni ya bango ikiongoza wanandoa arusini au hata katika matanga ya Wakristo wa Kimijikenda, atatambua kwamba huu ni mkondo mmoja uliokwenda zaidi ya miaka mia moja, na kwamba Pwani ina jibu lake kwa Skatalites. Nami sioni haya kulisema, ingawa bango haina haraka ya ska na haikuitaka.

Tarehe 13 Agosti 1997 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakachoma, na kwa wiki kadhaa machafuko yakatambaa kusini hadi Ukunda na Diani, yakiwalenga watu wa bara waliokuwa wamekaa huko miaka mingi. Msiba ule haukuwa wa muziki kwanza, na sitaki kuufanya uwe hivyo. Maelfu walikimbia makwao na wengine hawakurudi. Lakini bendi za hoteli aghalabu zilichanganya watu wa pwani na wa bara katika jukwaa moja, na katika muda wa mwezi mmoja majukwaa hayo yalivunjika, kwanza kwa hofu, kisha kwa kukosa wageni, kwa kuwa ndege za kukodi ziliacha kuja na hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine. Wanamuziki wenye bahati walipata mikataba katika hoteli za Dubai na miji mingine ya Ghuba. Wengine waliuza magitaa. Hoteli zilipofunguka tena, nyingi ziligundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme na midundo iliyotiwa ndani tayari hugharimu sehemu ndogo ya mshahara wa watu saba, na ufuo haukurudia tena kuwa na bendi nyingi kama zamani. Tena ukapigwa na tahadhari za safari za mwaka 2014, na ukanyamaza kabisa mwaka 2020 viwanja vya ndege vilipofungwa.

Muziki wa vijijini, ambao haukulishwa na hoteli, haukufa kwa njaa ya hoteli. Arusi ya Msambweni hata leo huweza kuwa na maulidi mchana, beni alasiri, na usiku sengenya au bendi, kwa kadiri ya mfuko wa mwenye shughuli na imani yake. Na malipo yake yangali ni yale ya tangu zamani, ambayo hoteli haikuweza kuyaiga: kutuza. Mama huinuka katika kundi la wenziwe, huja kwa mwendo wa ngoma, bila haraka, hata akafika mbele ya mwimbaji au mpiga zumari, akampachika noti katika paji la uso au akaiweka juu ya ngoma, na kwa kufanya hivyo amesema mambo mengi kwa watu wote wanaotazama: kwamba ubeti ule umemgusa, kwamba anamjua aliyesemwa ndani yake, au kwamba yeye na si jirani yake ndiye anayestahili kuwa na usemi wa mwisho usiku ule. Jirani naye huinuka. Mwimbaji huurudia ubeti, sasa akiwa na jina la mama yule ndani yake, wapigaji hukaza, na wimbo uliokuwa wa dakika tano huwa wa nusu saa. Siku hizi wako wanaotuma tuzo kwa simu wakiwa Mombasa au Muscat, na kiongozi wa kikundi, kabla ya kumpa ishara mpiga chapuo, huinua simu yake karibu na macho akasoma jina na kiasi kwa sauti, na wakati ule ule mama mwingine amekwisha kusimama.